Je, wajua kwa nini filamu ya The Untamed ilimwacha shujaa ikamfuata bwana "sijui"?

Mwulize Nie Huaisang swali lolote, atakwambia hajui. Mkazie, atasema hajui kabisa. Mshike nguo, ataapa kwamba kweli, kweli hajui. Ndiyo maana akapewa jina la utani la Kichina lenye maana hii: ukimwuliza jambo moja, atakujibu "sijui" mara tatu. Katika The Untamed, tamthilia ya China yenye sehemu 50 iliyoanza kuonyeshwa na Tencent Video tarehe 27 Juni 2019, kijana huyu anaonekana kama wa kuchekesha tu: mvivu wa masomo, mpenda ndege, mkononi upepeo wa kukunja.

Sasa mbona filamu ya Fatal Journey, iliyozaliwa na tamthilia hiyo ikatoka Machi 2020 wakati mashabiki bado wana njaa, ilimchukua huyu ikawaacha Xiao Zhan na Wang Yibo, nyota wawili ambao tamthilia nzima iliwazunguka?

Wengi watakwambia ni pesa. Nyota waliopanda bei ndani ya miezi miwili hawapatikani kirahisi, na hilo silibishi. Lakini pesa haielezi kwa nini achaguliwe Huaisang kati ya wahusika wote waliokuwapo. Jibu la hilo limo ndani ya hadithi yenyewe. (Kama hujaitazama, hapa nafichua mambo.)

Hadithi za aina hii Wachina huziita xianxia. Watu huinoa nguvu yao ya ndani, qi, kwa miaka mingi hadi waweze kupambana na mizimu. The Untamed inaanza na shujaa wake, Wei Wuxian, akiporomoka kwenye jabali na kufa, kisha inaruka miaka 16 hadi siku anaporudi katika mwili wa mtu mwingine. Miaka hiyo yote 16 ni shimo. Na ndani ya shimo hilo ndimo alimofia Nie Mingjue, mkuu wa ukoo wa Nie na kaka yake Huaisang, akiwa amerukwa na akili. Tamthilia inatusimulia kifo hicho kwa kukatakata, tena kwa kuchelewa. Anayetaka kukieleza kwa utulivu hana pa kumweka Wei Wuxian, maana wakati huo yeye mwenyewe ni marehemu.

Ukoo huo nao una utajiri wa hadithi. Koo nyingine zinatumia upanga mwembamba wenye makali pande mbili. Wa Nie wanatumia panga, makali upande mmoja, kwa sababu mwasisi wao alikuwa mchinjaji. Kadiri panga linavyokata mizimu ndivyo linavyojaa chuki, mpaka linapata roho yake, na hasira ile inamrudia mwenye nalo. Wakuu wa ukoo huu hufa mapema. Tena mwenyewe akishakufa, panga halitulii, linataka adui. Ndipo wakayajengea mapanga makaburi na kuyalaza pamoja na maiti zilizo karibu kuamka, vishughulikiane humo humo milele. Mimi naona hii ni mojawapo ya fikra kali kabisa katika riwaya ya Mo Xiang Tong Xiu iliyozaa tamthilia hii, na tamthilia iliipitia mbiombio. Filamu ndiyo inayokuingiza ndani ya kaburi, ndugu wawili wakiwa mbele: mmoja anajua panga lake linammaliza, mwingine hataki hata kulishika la kwake.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwishoni mwa tamthilia tunaanza kushuku kwamba yule bwana "sijui" ndiye aliyepanga kisasi cha kaka yake tangu mwanzo, lakini hakiri wala hakanushi. Kwa hiyo filamu haikulazimika kubuni swali jipya. Lilikuwa limeachwa wazi.

Desturi hii ya kumwacha shujaa na kumfuata mwingine ina jina. Waandishi wa riwaya za mtandaoni China, wakishamaliza kisa, huongeza sura za ziada ziitwazo fanwai, yaani zilizo nje ya mfululizo. Humo hadithi huhamia kwa mhusika mdogo, kwa adui, hata kwa mpishi. Msomaji aliyezoea fanwai haoni ajabu filamu kumwacha shujaa nyumbani. Na kwa The Untamed kulikuwa na faida nyingine: riwaya ni ya mapenzi ya wanaume wawili, jambo ambalo skrini za China hazilipitishi, hivyo tamthilia ikayageuza urafiki wa kushibana. Kuwarudia wale wawili ni kuurudia mtihani uleule. Ndugu wawili hawana shida hiyo.

Fatal Journey haikuwa peke yake. Novemba 2019 ilitangulia The Living Dead, inayomfuata Wen Ning, maiti mwenye fahamu na moyo mpole kuliko wazima wengi. Majina ya Kiingereza yameficha mchezo mmoja mzuri. Kwa Kichina ya kwanza ni Sheng Hun na ya pili ni Luan Po. Ukichukua maneno ya mwisho unapata hunpo, yaani roho. Katika imani ya jadi mtu ana hun tatu na po saba: akifa, hun hupaa, po hubaki na mwili ardhini. Filamu moja imepewa roho inayopaa na nyingine roho inayobaki kaburini, na ya ndugu wa Nie ndiyo iliyopewa hiyo ya kaburini.

Biashara nayo ilikuwapo. Agosti 2019 Tencent iliwatoza wanachama yuan 30 za ziada ili waone sehemu za mwisho mapema, na watu wakalipa wakinung'unika. (Mtindo huo majukwaa makubwa yaliuacha Oktoba 2021.) Filamu zote mbili, kwa mshangao wangu, zilitokea kwa mshindani, iQiyi. Jukwaa hilo kwa miaka kadhaa liliwalipa watengenezaji wa filamu za mtandaoni kwa kuhesabu watazamaji wa kulipia waliovuka dakika 6. Filamu isiyojulikana inapaswa kumnasa mtu ndani ya dakika hizo. Yenye jina la The Untamed inaanza na mtazamaji aliyenaswa tangu mwaka jana.

Ukitaka kuitazama, maliza kwanza sehemu zote 50. Kisha tazama Fatal Journey, halafu rudi kwenye zile za mwanzo, siku za shule huko Gusu, uwaache wote wanaozungumza umwangalie yule anayejipepea.