Uadilifu ni nini hasa, wa mtu na wa taasisi

Viongozi wapya wanapoapishwa Ikulu ya Chamwino, hapa Dodoma, kiapo kikiisha huwa kuna kipande kingine ambacho watazamaji wengi hukiona kama taratibu tu: Kamishna wa Maadili huwaongoza kutamka Ahadi ya Uadilifu kwa Viongozi wa Umma. Neno hilohilo utalikuta ukutani katika ofisi nyingi, limeorodheshwa kwenye tunu za taasisi pamoja na uwazi na uwajibikaji. Tunalisikia kila siku, lakini ukimuuliza mtu maana yake atakujibu haraka: kutokula rushwa. Hajakosea, ila jibu hilo ni fupi mno, na mengi yanayotuumiza yanapita katika huo ufupi wake.

Mtu mwadilifu ni yule ambaye anachokiamini, anachokisema, anachokitenda na anachokitia saini vinakubaliana, na vinaendelea kukubaliana hata ukweli unapomletea hasara. Hapo penye hasara ndipo penye uzito. Kusema kweli wakati kweli haigharimu chochote, nani hawezi? Ndiyo maana pia uadilifu unazidi uaminifu kwa mkubwa wako. Karani anayemfichia bosi madudu yake miaka nenda miaka rudi anaweza kusifiwa kwamba ni mwaminifu sana. Mwadilifu siye.

Tuliangalie jambo hili kwa karibu. Chukua shule ya msingi ya kijijini, tuseme huko Bahi au Mpwapwa, inayoongezewa madarasa mawili. Kijiji kimeunda kamati ya mapokezi ya vifaa. Lori linaingia jioni, karatasi inasema mifuko 200 ya saruji. Vijana wanashusha, wajumbe wanahesabu: 180. Dereva anasema iliyobaki inakuja kesho, mzabuni ameshaongea na wakubwa. Wajumbe wawili wanasaini. Kalamu inamfikia wa tatu, mama mmoja mkulima wa alizeti mwenye watoto wanaosoma hapohapo.

Hakuna aliyemwahidi mama huyu hata shilingi. Rushwa ile tunayoijua, ya bahasha na "kitu kidogo", haipo hapa kabisa. Anachoombwa ni kuandika kwamba ameona kitu ambacho hajakiona. Akiandika "nimepokea mifuko 180" na kutia saini yake chini ya maneno hayo, huo ndio uadilifu, wote mzima. Na ataulipia. Ataambiwa anajifanya mjuaji, anachelewesha maendeleo, mzabuni akisusa kijiji kitajua ni kwa sababu ya nani.

Ikiwa ile mifuko ishirini haiji, pengo halibaki kwenye karatasi. Fundi atanyoosha zege kwa mchanga, jamvi litamwagwa jembamba, na baada ya misimu miwili watoto watakuwa wanakalia sakafu inayomeguka. Wakati huo hakuna atakayekumbuka nani alisaini nini. Nasema haya kwa uchungu, maana majengo ya namna hiyo yapo, na mara nyingi ukifuatilia huoni mwizi mmoja mkubwa. Unaona saini nyingi za watu wapole waliotaka jioni iishe kwa amani.

Familia ya udanganyifu wa namna hii ni kubwa. Posho ya siku tano kwa semina iliyofanyika siku tatu. Mtu kumsainia mwenzake mahudhurio. Kwa kila moja kuna usemi wa kuutuliza moyo, na huo wa mbuzi kula kwa urefu wa kamba yake ndio umefanya kazi kubwa kuliko yote.

Uadilifu una upande mwingine tunaousahau: kubeba jambo ambalo hukulifanya wewe lakini lilitokea chini yako. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola walipopoteza maisha mwaka 1976 katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Si yeye aliyewatesa. Mwanzoni mwa 1977 alijiuzulu, akisimama na dhamana ya wizara yake badala ya kujificha nyuma ya maofisa wa chini. Watanzania wakamwona tena akiwa Rais mwaka 1985.

Sasa taasisi. Wengi hudhani taasisi adilifu ni ile iliyobahatika kuajiri watu wengi waadilifu. Mimi naona kipimo chake kiko kwingine: ni nani anayelipa gharama ya ukweli. Turudi kwa yule mama. Kama mhasibu wa halmashauri atalipa mifuko 180 tu kwa sababu hati ya mapokezi ndivyo inavyosema, na kama mama atabaki kwenye kamati mradi unaofuata, basi gharama imekwenda kwa mzabuni, na mjumbe wa tano au wa sita mwenye moyo wa wastani naye ataweza kuhesabu kwa sauti. Kama kamati itavunjwa kimyakimya na kuundwa upya bila yeye, kijiji kizima kimeshaelewa. Kwa mtumishi aliyeajiriwa huwa ni barua ya uhamisho, na wenzake hujifunza mengi zaidi kutoka kwenye barua hiyo kuliko kwenye mafunzo yoyote ya maadili.

Mazao yanatuonyesha vilevile. Mkulima wa Kongwa au Kondoa anayeuzia shambani kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo na kushonewa kofia juu, analipwa bei ya gunia moja kwa mzigo unaozidi. Sheria ya Vipimo, Sura 340, inakataza ujanja huo. Lakini kinachomwokoa mkulima siku hiyo ni mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ikiwa imewekwa mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wote wanasoma namba moja. Hapo hatuhitaji dalali mwenye roho ya kipekee. Mpangilio wenyewe umeondoa nafasi ya kudanganya.

Kuna kosa moja ambalo hata wasomi hulirudia. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zikiwasilishwa bungeni, halmashauri iliyopata hati inayoridhisha, ile tunayoiita hati safi, husherehekewa kana kwamba imethibitishwa haina doa. Hati hiyo inasema hesabu zimeandaliwa sawasawa kwa kufuata viwango. Ile mifuko 200, kama ingesainiwa na wajumbe wote na kuwa na karatasi zake zote, inaweza kukaa vizuri sana ndani ya hesabu safi.

Sheria tunazo. Ile ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inawataka viongozi watoe tamko la mali na madeni yao, na mwaka 2015 ilitungwa sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ya kwanza inawahusu wakubwa. Ya pili ndiyo ingemfaa mama wa alizeti, kama kuna aliyewahi kumwambia kwamba ipo.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wananchi. Kwa kawaida husomwa jumla: saruji, milioni kadhaa. Mwananchi ana haki ya kusimama na kuomba hati ya mapokezi isomwe mstari kwa mstari, na isomwe na waliohesabu.