Kwa nini ultrasaundi huona ubongo wa mtoto mchanga, lakini si wako?

Yeyote aliyewahi kumwosha mtoto mchanga anaujua utosi, ile sehemu laini juu ya kichwa inayopigapiga. Nyanya zetu huku Kisumu na Kakamega hutuonya tusiubonyeze, na wakiuona umedidimia hujua mtoto amepungukiwa maji. Utosi huohuo ndio dirisha la daktari.

Ultrasaundi ni sauti. Sikio letu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Kifaa kinachowekwa utosini hutoa mamilioni. Sauti hiyo hupita mwilini kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde, hugonga mpaka wa kitu kimoja na kingine, hurudi kama mwangwi, na mashine huchora picha kutokana na muda iliyochukua kurudi. Maji na nyama laini huipitisha vizuri. Mfupa huirudisha na kuimeza. Fuvu la mtu mzima limeshikana, kwa hiyo akiumia kichwa hupelekwa kwenye skani ya eksirei. Mwanya aliobakiwa nao ni kwenye panja, palipo na mfupa mwembamba, na hata hapo hakionekani kingi. Mtoto mchanga mifupa yake haijakutana: ilihitaji kupandana kidogo ili apite njia ya uzazi.

Anayelihitaji dirisha hilo kuliko wote ni mtoto njiti, hasa aliyezaliwa kabla ya wiki 32. Katikati ya ubongo wake, kando ya vyumba vya maji, kuna kitalu cha seli za ubongo kinacholishwa na vimishipa vyenye kuta nyembamba mno. Mtoto akitimiza miezi yake tumboni, kitalu hicho huwa kimeshamaliza kazi na kuyeyuka. Njiti bado anacho. Shinikizo la damu likipanda na kushuka, vimishipa hupasuka, mara nyingi katika siku 3 za kwanza, na huenda mtoto asionyeshe dalili yoyote. Kwenye kioo cha mashine maji huwa meusi, damu mbichi huwa nyeupe. Damu ikiziba njia ya maji, vyumba hutanuka na kichwa hukua kupita kiasi.

Sasa, mtoto wa kilo moja humtoi kwenye inkubeta yenye joto na oksijeni ukampitisha kwenye veranda hadi chumba cha picha. Hupoa upesi sana. Hii ndiyo sababu mashine humfuata yeye, iwe ni Kisumu, katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wengi bado huiita Russia, au Nakuru.

Wengi hudhani kuanzisha huduma hii ni kununua mashine. Kwa maoni yangu mashine ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni kuwafundisha madaktari na maafisa wa kliniki wa wodi yenyewe, wapige picha nyingi wakisimamiwa na mtaalamu kabla ya kuachiwa, kwa sababu anayesoma picha vibaya humtia mama hofu ya bure au humtuliza isivyostahili. Picha zihifadhiwe ili ya leo ilinganishwe na ya wiki ijayo. Jeli inayopakwa kabla ya kupiga picha ipashwe joto kwanza, isimpoze mtoto. Kifaa kisafishwe kabla hakijamgusa mtoto mwingine, maana kinaweza kubeba viini kutoka inkubeta moja hadi nyingine. Na betri iwe na chaji, stima isipotee katikati ya kazi.

Kifaa hichohicho huonyesha pia mapafu yaliyojaa maji na mshipa wa karibu na moyo uliokawia kufunga.

Mama naye aelezwe, tena kwa lugha anayoielewa. Hakuna mionzi, haiumi, na picha moja safi haitoshi: hurudiwa, kwa kuwa madhara mengine huonekana baada ya wiki kadhaa. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, aulizie tarehe ya kurudi kliniki mtoto apimwe kichwa kwa tepu. Kwa kawaida utosi huziba kati ya miezi 12 na 18, na ukishaziba, ultrasaundi haina tena dirisha hilo la kupitia.