Kalankoe ya kwenye chungu: tunayoambiwa na ukweli wenyewe

Jamani kalankoe, ile ya majani manene yenye kingo za mawimbi na vimaua vidogo vidogo vilivyojazana juu, vyekundu au vya njano au pinki, inaonewa sana majumbani. Ikimaliza kuchanua tu watu wanatupa, wanasema ndo imeisha hiyo, ni ya msimu mmoja. Sio kweli kabisa! Hii inaishi miaka.

Kisa cha kutochanua tena mara nyingi ni taa. Watu wanadhani haina mbolea, wanamwaga mbolea inatoa majani tu, kumbe mmea huu asili yake Madagaska na unatoa matumba pale usiku unapokuwa mrefu, yaani unapima giza. Sasa we umeiweka sebuleni taa inawaka mpaka saa tano usiku, itajuaje kama msimu umefika? Kata vikonyo vilivyokauka, alafu kila siku ifunike na boksi kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa moja asubuhi, hapo ni masaa 14 ya giza, na mchana irudishe dirishani penye mwanga mzuri. Fanya hivyo kama wiki 6 bila kuruka siku. Ukishaona vitumba vya kijani vimejikusanya katikati ya majani ya juu acha kufunika, ila kuchanua kwenyewe kunachukua wiki kadhaa tena kwa hiyo usikate tamaa.

Lingine ni hili la "maji kidogo kila siku". Mi ya kwanza niliipoteza hivyo, kila asubuhi nusu kikombe, siku moja nashika shina likabaki mkononi, chini jeusi na linanuka. Majani yale manene ndo tangi lake la maji. Ingiza kidole kwenye udongo, pakiwa na ubichi ondoka, pakikauka mwagilia mpaka maji yatoke chini na yale ya kwenye sahani uyamwage.

Alafu kuna "imelegea, iongeze maji", hapa ndo wengi tunamalizia kuiua, maana ya kiu inalegea na iliyooza mizizi nayo inalegea. Bonyeza jani. La kiu ni jembamba, lina mikunjo, linapinda halivunjiki. La kuoza linakuwa la njano, tepetepe kama limechemshwa, ukiligusa linadondoka. Ukikuta hilo la pili usimwagilie, kata kipande cha juu ambacho bado kizima, kiache kivulini siku 2 au 3 kidonda kikauke, kisha ukipande kwenye udongo uliochanganywa na mchanga mnene. Kinashika vizuri tu.

Kuhusu kokoto chini ya chungu eti zinasaidia maji kushuka, hapana, maji yanakwama kwenye udongo juu ya kokoto na mizizi inabaki na unyevu karibu zaidi kuliko mwanzo. Kinachotakiwa ni tundu chini na udongo usioshikamana. Na chungu kikubwa sana nacho ni tatizo hilo hilo, udongo mwingi haukauki haraka.

Jua kali la mchana kutwa pia haihitaji, mtu anasikia inatunza maji kwenye majani anaifananisha na kaktasi anaianika, majani yanakuwa mekundu kingoni kisha yanaungua.

Na hili naomba mlichukulie kwa uzito, ile ya kusema ua la ndani halina madhara sio kweli. Kalankoe ina sumu kwa paka na mbwa, inaleta kutapika na kuharisha na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na maua ndo yana sumu zaidi. Iweke mahali wasipofika, na ukikuta imetafunwa mpeleke mnyama kwa daktari wa mifugo muda huo huo, usisubiri aanze kutapika.