Mtoto mwenye mashoto, ubongo wake na sokwe wa Gombe: maswali na majibu

Mwanangu ana mashoto. Je, ubongo wake una kasoro?

Hauna. Takribani mtu mmoja kati ya kumi hutumia zaidi mkono wa kushoto, na mwelekeo huo huanza kuonekana akiwa bado tumboni. Njia za fahamu hupishana, kwa hiyo mkono wa kulia huongozwa hasa na upande wa kushoto wa ubongo, na wa kushoto huongozwa na upande wa kulia. Kumchapa mtoto ili abadili mkono ni kumwonea. Akifundishwa adabu ya kula kwa mkono wa kulia, afundishwe kwa upole, na kalamu aishike kwa mkono anaouweza.

Je, sokwe nao wana mkono wanaoupendelea?

Wanao, na ushahidi mmoja mzuri umetoka Gombe, mkoani Kigoma, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960. Sokwe wa huko huchomeka vijiti katika vichuguu ili kuvua mchwa, na wengi wao hushikilia mkono uleule karibu kila mara. Walipohesabiwa, waliotumia kushoto walizidi. Kule Bossou, nchini Guinea, wanaopasua kokwa kwa mawe huelekea zaidi kulia. Hivyo kwa sokwe upande hutegemea kazi, ilhali binadamu wengi wameelemea kulia karibu katika kila kazi ya ustadi.

Ubongo wao pia haulingani pande zote. Mwaka 1998 watafiti walipima sehemu ambayo kwa binadamu husaidia kuelewa lugha, wakakuta upande wa kushoto ni mkubwa zaidi katika bongo 17 kati ya 18 za sokwe. Kwa maoni yangu hilo ni jambo zito, kwa kuwa linaonyesha kwamba tofauti hiyo ilikuwapo kabla ya usemi.

Binadamu walianza lini kuelemea kulia?

Taya la *Homo habilis*, jamii ya binadamu wa kale, kutoka Olduvai, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.8, lina mikwaruzo kwenye meno ya mbele iliyolala kama ya mtu aliyeng'ata kitu kama nyama na kukikata kwa jiwe aliloshika kwa mkono wa kulia. Ni mtu mmoja tu, lakini Waneanderthal wengi, jamii nyingine ya binadamu wa kale walioishi baadaye, wana alama kama hizo.

Ni lini nimpeleke mtoto kwa daktari?

Iwapo hajatimiza mwaka mmoja na tayari anatumia mkono mmoja tu, huku mwingine ukiwa umekunjwa ngumi au umelegea. Katika umri huo hali hiyo yaweza kuwa dalili ya udhaifu wa upande mmoja, kama unaoletwa na mtindio wa ubongo, na mazoezi ya viungo yakianza mapema humsaidia zaidi.