Je, wajua kwa nini hospitali ya Butaro haina korido?

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, pa kusubiri panajulikana: benchi refu lililosogezwa ukutani, korido nyembamba, na jirani anayekohoa begani kwako. Hospitali ya Wilaya ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011 kwenye vilima vya Burera, kaskazini mwa Rwanda, ilijengwa bila korido hizo za ndani. Watu hupita na kusubiri kwenye veranda, upepo ukiwapiga. Wenye hospitali hawakuishiwa fedha. Walikataa korido kwa makusudi.

Sababu mojawapo iko mbali na Rwanda, huko Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kwamba wamekuta hapo wagonjwa 53 wa kifua kikuu sugu kisichosikia karibu dawa zote. Walifariki 52. Wote waliopimwa virusi vya UKIMWI walikutwa navyo, kwa hiyo miili yao haikuwa na kinga ya kutosha. Lakini soma na hili: zaidi ya nusu hawakuwahi kutibiwa kifua kikuu kabla ya hapo, na wengi walikuwa wamelazwa hospitalini miezi ya karibuni. Ilielekea kwamba watu walikwenda kutafuta tiba ya jambo jingine wakapewa ugonjwa wodini.

Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu akikohoa, hutoa chembe ndogo mno ambazo hazianguki chini upesi. Huelea hewani kwa saa kadhaa. Chumba kikifungwa, zinazidi kujaa; hewa safi ikiingia, zinapungua na kutoka nje. Watafiti waliopima vyumba vya hospitali 8 mjini Lima, Peru, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, waligundua kwamba majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yakifunguliwa, yalibadilisha hewa zaidi kuliko majengo mapya, na kuliko hata vyumba vyenye mashine za kuingiza hewa. Florence Nightingale alikuwa amelipigania jambo hilo hilo katika karne ya 19: wodi yenye madirisha pande zote mbili. Tulikuwa na elimu hii, tukaiacha njiani.

Butaro iliirudisha. Serikali ya Rwanda na shirika la Partners In Health waliwapa kazi ya kuchora wasanifu wa MASS Design Group, kikundi kilichoanzishwa na Michael Murphy na Alan Ricks wakiwa bado wanafunzi wa Harvard. Wodini, vitanda havikuegemezwa kwenye kuta za nje kama tulivyozoea. Vimepangwa katikati, vichwa vikielekea ukuta mfupi, ili kila mgonjwa atazame dirisha na bonde lililo ng'ambo. Burera kuna baridi, na sote tunajua baridi ikiuma mtu hufunga dirisha hata akatazwe. Ndiyo maana juu kabisa ya kuta kuna matundu ya kutolea hewa, mapangaboi makubwa yanayozunguka polepole kuisukuma huko juu, na taa za miale ya urujuanimno zinazoua vijidudu karibu na dari.

Hadi hapo ni habari ya afya. Siasa inaanza kwenye swali la nani alijenga. Kabla ya hapo, wilaya hiyo yenye watu zaidi ya 300,000 haikuwa na hospitali ya maana, na kazi ni adimu. Mkandarasi wa kawaida angeleta katapila na vifaa vya kuagizwa kutoka nje, na sehemu kubwa ya fedha ingeondoka navyo. Hapa kilima kilichimbwa kwa mikono. Kuta zilijengwa kwa mawe ya volkano ya milima ya Virunga, mawe ambayo wakulima walikuwa wakiyaondoa mashambani kwa kero. Karibu watu 4,000 wa eneo hilo walipata ajira na mafunzo, na waashi waliojifunza kuyachonga mawe hayo hadi yakakaa karibu karibu, bila saruji nyingi kuonekana kati yake, wakaanza kutafutwa kwingine.

Naona hapo ndipo ramani inapokuwa uamuzi wa kisiasa: mstari mmoja kwenye karatasi huamua nani atavuta hewa ya nani, na mwingine huamua mshahara uende kijiji gani. Maamuzi hayo hufanywa mapema sana, mgonjwa asijue, kisha huishi miaka hamsini.

Veranda haitoshi kila mahali. Chumba cha upasuaji bado kinahitaji mashine, na siku isiyo na upepo dirisha peke yake halifanyi kazi. Lakini foleni ya wagonjwa wa nje haihitaji mashine. Inahitaji paa, benchi, na pande mbili zilizo wazi, jambo ambalo zahanati yoyote inayochorwa mwaka huu, Kigoma au Kakamega, inaweza kulitimiza kabla tofali la kwanza halijawekwa.