Utafiti tendaji si kwenda uwandani

Wiki iliyopita nilikaa kwenye jopo la kusikiliza mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili katika unasihi, yaani ushauri nasaha. Walikuwa saba. Wanne walisema utafiti wao ni "wa vitendo". Tulipowauliza kwa nini, mmoja alijibu bila kusita: "Kwa sababu nitakwenda shuleni mwenyewe kukusanya data." Wa pili alisema ni kwa sababu matokeo yatawafaa walimu. Wa tatu alieleza kwamba ataifanya kazi hiyo wakati wa mafunzo yake kwa vitendo, kwa hiyo jina limekuja lenyewe. Wa nne alisema msimamizi wake ndiye aliyemwambia aandike hivyo. Wanajopo wenzangu waliendelea kuandika, hakuna aliyeinua kichwa.

Hawa si wanafunzi wazembe. Wamesoma, na wawili kati yao ni wanasihi wazuri kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wao. Nadhani neno tulilowapa ndilo linalowapotosha.

Niseme maana kwanza. Utafiti tendaji ni uchunguzi ambao mtu anaufanya juu ya kazi yake mwenyewe, pamoja na wale inaowagusa, huku akiibadilisha kazi hiyo na kutazama mabadiliko yanamwambia nini. Anapanga, anatenda, anaangalia, anatafakari, kisha anapanga upya akiwa amejifunza jambo. Mzunguko mmoja ukiisha unafungua mwingine. Anayetaka ufafanuzi mrefu ataupata kwenye kitabu chochote cha mbinu za utafiti. Mimi nataka kukaa kwenye neno.

Kwa Kiingereza huitwa action research, na kwetu limezaa tafsiri kadhaa: utafiti wa vitendo, utafiti kwa vitendo, utafiti tendaji. Mbili za kwanza ndizo zinazotawala, na ndizo zinazoleta taabu. Katika Kiswahili cha shuleni, "vitendo" ana mwenzake wa kudumu, naye ni "nadharia". Tangu kidato cha kwanza mtoto anajua kuna mtihani wa nadharia na mtihani wa vitendo. Akifika chuoni anakutana na mafunzo kwa vitendo. Kwa hiyo akisikia "utafiti wa vitendo", sikio lake linamwambia: huu si wa maktabani, ni ule wa kutoka nje. Basi kila anayepanda daladala na bunda la madodoso mkononi anaamini anafanya utafiti wa vitendo, na huwezi kumlaumu, kwa sababu lugha yake ndiyo iliyomfundisha hivyo.

Kuna tatizo la pili. Kitendo ni jambo lililokwisha fanyika, linalohesabika: kitendo kimoja, vitendo viwili. Tofautisha na tendaji. Kiambishi -ji kinabeba mazoea. Aliyeimba mara moja kwenye harusi ya dada yake hatumwiti mwimbaji. Mwimbaji ni yule ambaye kuimba ndiyo kazi yake. Mtenda dhambi huenda alitenda mara moja akatubu, lakini mtendaji wa kijiji anafungua ofisi kila asubuhi. "Utafiti tendaji", basi, ni utafiti ambao wenyewe una tabia ya kutenda, unatenda na kurudia. Ile mizunguko yote tunayoichora ubaoni kwa mishale imo tayari ndani ya silabi moja.

Tazama pia minyambuliko ya kitenzi hiki. Utafiti wa kawaida tunauandika kwa kauli ya kutendwa: wanafunzi waliteuliwa, waliulizwa, walipimwa. Vijana wanaokuja kwenye chumba cha unasihi wana matumizi yao ya kauli hiyo. Kijana akisema "nimetendwa" anamaanisha ameumizwa na mtu aliyemwamini. Mnasihi hulisikia neno hilo mara nyingi, na kila nilisikiapo nakumbuka wanafunzi waliojaza dodoso zetu miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyerudi kuwaambia tuliona nini. Kauli inayoufaa utafiti tendaji ni kutendeana. Unaowachunguza nao wanakuchunguza, na wana haki ya kukuambia umekosea.

Asili ya dhana yenyewe inalionyesha hilo. Nchini Marekani, John Collier, aliyekuwa kamishna wa masuala ya Wahindi Wekundu, alilitumia jina hilo mwaka 1945, lakini anayetajwa zaidi ni Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyezaliwa mwaka 1890 katika mji wa Mogilno, ambao leo uko Poland, akaikimbia Ujerumani mwaka 1933. Mwaka 1946 alichapisha makala kuhusu utafiti huu na matatizo ya makundi ya wachache. Humo aliandika kwamba utafiti usiozaa kitu zaidi ya vitabu hautoshi. Watu huunukuu msemo huo kama vile Lewin aliidharau nadharia. Huyu ndiye yuleyule aliyesisitiza kwamba hakuna kitu chenye manufaa kama nadharia nzuri. Hakuweka vitendo upande mmoja na nadharia upande wa pili. Alitaka kuziona mahali zinapokutana.

Kiangazi cha mwaka huohuo, huko New Britain katika jimbo la Connecticut, Lewin na wenzake waliendesha warsha juu ya mahusiano kati ya watu wa rangi na makabila tofauti. Mchana washiriki walijadiliana kwa makundi huku watafiti wakiandika walichokiona. Usiku watafiti walikutana peke yao kulinganisha maandishi. Baadhi ya washiriki wakaomba kuingia wasikilize. Lewin akaruhusu. Walipoketi na kusikia wanavyoelezwa, wakaanza kupinga: haikuwa hivyo, sikumaanisha hivyo. Mazungumzo ya usiku yakageuka kuwa moyo wa warsha nzima. Lewin alifariki Februari 1947, na kiangazi kilichofuata wenzake waliifanya njia hiyo kuwa mafunzo kamili huko Bethel, jimbo la Maine. Mazoezi ya vikundi tunayowapa wanafunzi wa unasihi leo, ya kuketi kwenye duara na kuambiana ukweli, yametoka kwa kiasi kikubwa kwenye chumba kile. Ndiyo maana inanisikitisha mwanafunzi wa unasihi, kuliko mwanafunzi mwingine yeyote, akidhani dhana hii ni ya kusafiri na dodoso. Ni urithi wa taaluma yake.

Na ni urithi wa nchi yetu pia, jambo ambalo sijui kwa nini hatulifundishi. Mapema miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa akitafuta njia ya kuwafanya wanavijiji kuwa watafiti wa maisha yao wenyewe. Kuanzia mwaka 1975 yeye na wenzake wa Tanzania na Finland waliendesha Bagamoyo mradi uliopewa jina la Jipemoyo. Budd Hall, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hapo Dar es Salaam, alipoteza imani na dodoso akiwa hapahapa, na mwaka 1975 akaanza kuutangaza utafiti shirikishi duniani. Paulo Freire, mwanafalsafa wa elimu kutoka Brazil, alikuwa amekuja Dar es Salaam mwaka 1971. Utafiti shirikishi na utafiti tendaji ni ndugu, ingawa si mtu mmoja: wa kwanza unauliza nani ana sauti, wa pili unauliza kazi inabadilikaje. Mwanafunzi wetu anayamudu majina ya wanazuoni wa Australia na Uingereza, lakini hajui kwamba baadhi ya mjadala huo ulianzia kwa jirani zake wa Bagamoyo.

Sasa nieleze jinsi nilivyojifunza mwenyewe, maana sikuelewa kwa kusoma.

Nikiwa mwanafunzi wa uzamili niliwekwa kwa muhula mmoja kwenye shule ya sekondari ya kata. Chumba cha unasihi kilikuwepo, chenye meza na viti viwili, na hakuna aliyekuja kwa hiari. Waliokuja waliletwa, wengi wakiwa wamekwishachapwa. Niliamini kwamba wanafunzi hawajui unasihi ni nini. Kwa hiyo mzunguko wangu wa kwanza ulikuwa kusimama mstarini Jumatatu asubuhi na kueleza. Wiki tatu zikapita. Daftari langu lilionyesha walewale wa kuletwa.

Msimamizi wangu akaniambia niwaite wanafunzi wachache tulitazame tatizo pamoja. Nilikaa na wasichana sita chini ya mwembe nyuma ya maktaba, nikawasomea idadi ya waliokuja bila majina, nikauliza wanaonaje. Walinyamaza kwa muda. Kisha dada mkuu akasema, "Madamu, mlango wako unatazamana na ofisi ya mwalimu wa nidhamu. Mtu akitoka kwako anaulizwa." Mwenzake akaongeza, akiangalia chini, "Na lile daftari lako liko wazi mezani."

Swali langu lilivunjika palepale. Nilikuwa nauliza kwa nini hawajui, kumbe walijua kunizidi. Katika mzunguko wa pili niliomba stoo ndogo ya vitabu, nikawa napatikana saa za michezo, na daftari likawa la namba badala ya majina, ndani ya droo yenye kufuli. Wakaanza kuja mmoja mmoja. Wote wasichana. Mzunguko wa tatu ulikuwa wa wavulana, na muhula uliisha kabla haujakamilika. Niliandika hivyo kwenye tasnifu, kwamba haukukamilika, na nilichojifunza zaidi kilitoka kwenye shajara yangu mwenyewe, siku niliyoandika kwamba mimi, niliyekuja kulinda siri za watoto, nilikuwa nimeziacha mezani.

Angalia kilichochunguzwa hapo. Nilichunguza mlango, saa, daftari na mwenendo wangu. Sikuchunguza yale watoto waliyonieleza ndani ya chumba, na sikuwahi kuomba ruhusa ya kuyachunguza. Hapa ndipo unasihi unahitaji uangalifu kuliko ualimu. Anayekueleza siri zake leo hawezi kuwa huru kukataa kesho ukimwomba awe mshiriki wa utafiti wako. Kama ni mtoto, ridhaa ya mzazi inahitajika na hiari ya mtoto mwenyewe pia, na hata zikipatikana zote mbili, maneno ya chumbani hayawi data kwa sababu tu umeyasikia.

Mafunzo kwa vitendo ni kitu kingine tena. Marekani, CACREP, chombo kinachoithibitisha mitaala ya unasihi, kinataka saa 100 za mazoezi ya awali na saa 600 za mafunzo kazini, na somo la utafiti na tathmini lina nafasi yake pembeni. Saa hizo ni za kujifunza kazi chini ya uangalizi. Unaweza kuzimaliza zote bila kutafiti chochote. Mtu anaweza kuviunganisha: katika Chuo Kikuu cha San Diego, Lonnie Rowell alieleza mwaka 2005 namna wanafunzi wa uzamili wanavyoweza kushirikiana na wanasihi walioko kazini kulichunguza tatizo la shule husika. Lakini huko ni kuunganisha vitu viwili kwa makusudi, kila kimoja kikiwa na jina lake. Utafiti ambao matokeo yake yatawafaa wengine nao una jina, ni utafiti tumizi. Unaheshimika, na hauhitaji kuazima jina la mwenzake.

Kwa hiyo, mwanangu uliyesimama wa kwanza siku ile: dodoso lako juu ya hofu ya mitihani kidato cha nne ni kazi nzuri, na sampuli yako umeifikiria vizuri. Ni utafiti wa uwandani. Futa "wa vitendo" kwenye ukurasa wa tatu, hakuna kitakachopungua.

Na wewe wa tatu, uliyetaja mafunzo kwa vitendo, uko karibu kuliko unavyodhani. Una chumba, una watu, una muhula mzima. Linalokosekana ni aya moja inayosema ni kitu gani katika kazi yako mwenyewe utakibadilisha, na ni nani atakayekaa nawe kukuambia kama umekosea. Iandike, uniletee kabla ya barua yako ya kibali haijaenda kwa Katibu Tawala.