Kabla Hujanunua Betri Nyingine, Vua Waya wa Bodi

"Fundi, betri imekufa." Kila Novemba mvua zikikaribia, hayo ndiyo maneno ninayopokelewa nayo hapa Uyole. Juzi mzee mmoja wa Mbarali kanifikishia betri juu ya bodaboda, ya pili mwaka huu. Ya kwanza alishaiuza kwa wanunuzi wa chakavu. Nikapima: volti 12.6. Imejaa! Trekta lenyewe, Massey Ferguson 135, kaliacha shambani.

Stata (mota inayowasha injini) kugonga "tiki" au kuzunguka kwa uvivu si ushahidi kwamba betri imekwisha. Stata ya trekta huvuta ampea 200 na zaidi. Kiungo chenye kutu kikiwa na ukinzani wa omu 0.01 tu, volti 2 zinapotelea hapo. Taa zitawaka vizuri, maana zinahitaji ampea chache, nawe utazunguka ukimlaumu muuza betri.

Nilimfuata mzee shambani. Trekta lilikuwa limepakwa rangi upya, nyekundu inayong'aa, na rangi ilikuwa imeingia hadi chini ya bolti ya waya wa bodi, ule unaounganisha nguzo hasi ya betri na chuma cha trekta. Nikafungua, nikapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikakaza, nikapaka grisi juu. Likawaka mara ya kwanza.

Kupima ni rahisi. Vuta kizima-dizeli injini isiwake. Ncha moja ya testa (kipima volti) iguse nguzo hasi yenyewe ya betri, si klempu inayobana waya. Nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, tatizo ni waya au viungo vyake. Fanya hivyo hivyo kutoka nguzo chanya hadi bolti ya stata. Huna testa? Piga stata mara kadhaa, kisha pitisha mkono kwenye viungo: kilichopata moto ndicho kibovu.

La pili linaniumiza zaidi kwa sababu linaua: stata ikiwa kimya, watu hudhani imeungua, wanaunganisha nguzo za stata kwa bisibisi. Kwenye 135 kuna swichi ya usalama. Renji, ile gia ya kuchagua kasi ya juu au ya chini, isipokuwa nyutro, stata haipati umeme. Bisibisi inairuka swichi hiyo. Trekta likiwa kwenye gia litawaka na kuondoka, nawe umesimama mbele ya tairi la nyuma. Angalia renji kwanza. Usiguse bisibisi, hata siku moja.

Kuongeza asidi kwenye betri iliyopungua maji? Hapana. Kinachopotea ni maji, rudisha maji ya betri (distilled water). Na wale wanaosema betri ikiwekwa kwenye sakafu ya saruji huisha chaji: saruji hainyonyi chaji.

Kwa wa Njombe na Makete: baridi huipunguzia betri nguvu na kuifanya oili iwe nzito, lakini haijaiua. Kama lako lina hita ya kuwashia, ishikilie sekunde 15 hadi 20 ndipo upige stata.